Mstari wa Mia na Mbili

Kiwandani walimwita Redio, na jina likamganda. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusema. Alisimama kwenye jukwaa dogo la mbao, mikono nyuma, mbele yake wafumaji kumi na wawili, akawaitia rangi za mazulia: "Damu ya mzee tatu, maziwa moja, samawati mbili, maziwa moja, maji ya kunde nne." Wafumaji walifunga mafundo ya sufu kwenye mtande bila kumtazama. Mstari ukiisha, waliushindilia kwa kitana kizito cha chuma, du, du, du, naye akaanza mwingine. Hakushika karatasi. Nakshi zote zilikaa kichwani mwake, jinsi wewe unavyojua njia ya kutoka kitandani kwako mpaka mlangoni gizani.

Jioni Redio alirudi nyumbani akiwa amezimwa.

Mwanzoni mkewe alidhani ameolewa na mtu mwenye kiburi. Alimpa habari za majirani, za paa linalovuja, za mtoto aliyeota jino, naye mume akajibu kwa mkono: ndiyo, hapana, niongezee chai. Koo lilikuwa limechoka. Baadaye mke alizoea, maana hakuwa na la kufanya.

"Maneno yote anayamaliza huko," alimwambia wifi yake, dada wa Redio, aliyekaa nyumba ya pili na kuingia bila hodi. "Mimi naletewa betri tupu."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mke naye akacheka kidogo, halafu akaendelea kukamua nguo.

Kisha mashine zikaja. Mashine moja ilimaliza zulia kwa siku mbili, bila kuitiwa. Kiwanda kikafungwa, wafumaji wakatawanyika kila mmoja na njia yake, na Redio akarudi nyumbani na kikohozi. Daktari aliinua picha ya mapafu dirishani akasema ni vumbi la sufu, la miaka mingi, na likishaingia halitoki. Alimvuta mke pembeni akaongeza kwamba hewa ikipungua sana, hata kichwa huanza kupoteza mambo. Mke alilibeba neno hilo hadi nyumbani, asimwambie mtu.

Nyumba sasa ililishwa na sindano yake. Alikuwa akidarizi vitambaa vya viti, vile vya matundu, vigumu kama wavu, ambapo kila tundu hujazwa kwa uzi wa sufu mpaka kitambaa chote kifunikwe. Kwanza huchora kwenye daftari la miraba, mraba mmoja kwa tundu moja, ndipo ashone akihesabu. Alishona kasuku, alishona mawaridi aliyoyatoa kwenye kalenda za zamani. Aliyevinunua alikuwa mwenye duka la samani, mwanamke mnene mwenye huruma za haraka haraka, ambaye mji mzima ulimwita Mama Makochi.

"Kasuku wako wamenichosha, dada," Mama Makochi alimwambia siku moja. "Wananiangalia dukani kama wananidai. Mume wako si yule Redio? Nitolee ile nakshi ya Bustani, unishonee kiti kimoja tuone."

Bustani ndiyo iliyokiletea kiwanda jina. Mazulia yake yaliuzwa mbali, hakuna hata moja lililobaki mjini. Ilibaki kwa mtu mmoja tu, aliyelala chumba cha nyuma amewekewa mito mitatu mgongoni ili apumue.

Mke alipiga moyo konde akamwomba.

"Kujaza matundu," alisema Redio. "Hiyo ni kazi ya wagonjwa."

"Humu ndani mgonjwa ni nani?"

Redio alimtazama. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikamtikisa mpaka mke akajuta. Alipotulia alijifuta mdomo, akasema, "Lete hilo daftari lako."

Akamweleza. Bustani nzima ni robo moja tu. Upande wa kulia unafuata wa kushoto, na nusu ya juu inafuata ya chini. Kutoka pindo mpaka katikati ni mistari mia na ishirini, kila mstari mafundo sitini. Ukifika katikati unarudi ulikotoka, kinyumenyume, na zulia linajimaliza lenyewe.

"Sasa nisikilize, mama. Ukipata mia na ishirini, umepata zulia zima. Ukikosa hiyo ya mwisho, huna Bustani, una majani. Ua lenyewe moyo wake uko kule katikati."

"Tutafika?"

Redio aliegemea mito. Alivuta pumzi, akaanza. "Usiku sitini." Usiku ndivyo walivyouita weusi wa pindo.

Waliifanya kazi hiyo asubuhi, baada ya chai, kabla jua halijapiga bati na chumba kugeuka tanuri. Mistari minne kwa siku, pumzi haikuruhusu zaidi. Mke alikaa kwenye kigoda, daftari magotini, penseli za rangi zimepangwa kwenye mfuniko wa sufuria. Alipaka miraba kadiri sauti ilivyomfikia. Na sauti ile ilimshangaza. Ilikuwa imepungua, lakini ilijua inakokwenda. Ilipanda kidogo kwenye samawati na kutua kwenye maziwa. Miaka yote hiyo aliishi na mwenye sauti, asiijue.

Tena baina ya mstari na mstari, Redio alisema mambo mengine.

"Huu wa thelathini na moja uliwahi kunitia aibu," alisema. "Siku uliyojifungua. Niliita kunde badala ya damu ya mzee, na watu kumi na wawili wakafunga kunde. Tulifumua mpaka jioni."

Mke aliinua macho. "Kumbe ulikosea kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mtoto."

"Na mtoto alitoka kwa nani, kiwandani?"

"Andika, mama, andika."

Alikwenda jikoni akasimama mbele ya moto, akitabasamu peke yake kama msichana. Alianza kuamka mapema. Alichana nywele kabla ya kuingia chumba cha nyuma. Wifi aliona, akasema, "Eh! Mwenzetu anaposwa," naye akamrushia taulo la vyombo. Lakini alipohesabu mistari iliyobaki alijua anahesabu nini. Mistari na pumzi, kimojawapo kingetangulia kwisha.

Pindo likapita, mashina yakapita. Kuanzia mstari wa hamsini ua kubwa likaanza kufunguka, na hapo kila mstari ulikuwa na sura yake. Wiki hiyo Redio alipandwa na homa, na mchana mmoja alimwita dada yake "mama", akidhani ni mama yao mzazi. Wifi alitoka nje akalia penye kamba ya nguo. Mke hakulia. Alikumbuka neno la daktari.

Asubuhi iliyofuata Redio aliita hamsini na nne, kisha hamsini na tano, na hamsini na tano ilikuwa ileile ya kabla yake, rangi kwa rangi. Mke alisita, akaandika. Kesho yake, ilipofika sitini, ilikuwa hivyo hivyo: ni hamsini na tisa, imerudi tena. Safari hii aliiweka penseli chini.

"Soma," alisema Redio. Alipenda kusomewa, apate kupumzika.

Akasoma hamsini na nane, akasoma hamsini na tisa, akaishia hapo.

"Na sitini?"

"Sitini bado, mzee wangu."

"Nimeiita sasa hivi."

"Umerudia hamsini na tisa."

Nzi alitembea kwenye ukingo wa kikombe.

"Nimerudia," alisema Redio, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake.

"Umechoka tu. Si kosa lako. Daktari alishasema..."

"Alisema nini?"

Ulimi ulikuwa umeteleza na hakuna pa kuushika. "Kwamba hewa ikipungua, kichwa nacho kinaanza kupoteza."

Katika kitanda kile Redio hakuwa amebakiwa na kitu chake mwenyewe: miguu haikuwa yake, mapafu hayakuwa yake, hata chooni alipelekwa. Alibaki na kile kichwa. Akajigeuza, kazi iliyomtoa jasho, akaupa chumba mgongo.

Siku ya kwanza mke alidhani ni hasira ya asubuhi. Siku ya pili alikaa na daftari tangu chai mpaka bati likaanza kulia kwa joto, akaona mgongo tu. Siku ya tatu wifi aliingia kwa mbwembwe.

"Kaka, hebu washa redio basi, tunakosa habari!"

Mgongo haukusogea. Wifi alitoka akanong'ona, "Umemfanya nini?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli gani wa kumwambia mtu aliyelala hivyo?"

Siku ya nne ikapita. Siku ya tano, ili mikono isimsumbue, mke alichukua kipande cha kitambaa cha matundu akashona lile ua dogo la pindoni, ambalo alikuwa ameliandika wiki za mwanzo, wakati hana wasiwasi na mtu. Alishona kama lilivyo daftarini. Lilipokamilika akaliinua dirishani. Lilikuwa refu. Ua gani hili? Lilikuwa yai, yai limesimama wima. Alihesabu miraba, akahesabu matundu, akahesabu tena. Hesabu ilikuwa sawa na ua lilikuwa yai.

Mlangoni mwa bafu kulikuwa na kipande cha zulia la zamani, baki la kiwandani, cha nakshi nyingine, cha kufutia miguu. Alikipindua. Mgongoni mwa zulia mafundo huonekana moja moja kama mtama. Alichukua sanduku la kiberiti akaliweka juu, akahesabu kwa ncha ya sindano. Kwenda upande, mafundo kumi na sita. Alikigeuza kiberiti, urefu uleule, akahesabu kwenda juu. Ishirini.

Alikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji.

Ni kitana. Du, du, du. Kila mstari ulipigwa kitana mpaka fundo likalala bapa kama godoro lililochoka. Mistari minne iliyopangana haikufikia kimo sawa na upana wa mafundo manne. Ndiyo maana mwitaji aliongeza wa tano, pacha wa uliotangulia, ili ua liwe duara. Alikimbilia daftari. Mapacha walikuwamo tangu mwanzo, kila mstari wa tano, wamejificha kwenye mashina na mapindo, ambako mistari yote inafanana. Redio hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anaita zulia, na yeye aliyekaa miaka yote na sindano alikuwa anasikiliza kiti.

Akaingia na lile yai mkononi, akazunguka kitanda mpaka upande wa ukutani, akajibana hapo, uso kwa uso.

"Mzee wangu. Tazama ua lako."

Redio alifumbua jicho moja. "Hilo ni yai."

"Ni lako. Nimewashona na mapacha."

Alitoa mkono, akalipapasa kwa kidole gumba, akakifikia kitambaa kitupu pembeni, akayapapasa matundu. "Hiki hakipigwi kitana?"

"Hakipigwi."

"Kwa hiyo pacha hana kazi." Alifikiri, kifua kikipiga mluzi. "Utawatupa. Lakini mbele yangu utawaandika wote. Mimi naita zulia."

"Nimekukosea."

"Umenikosea," alisema Redio. Hakusema yamekwisha. "Andika sitini."

Akaandika sitini.

Lakini zile siku tano zilikuwa zimekula kitu. Sasa baina ya mistari hakusimulia. Alilala macho yamefumbwa, akikusanya. Sauti haikupanda tena kwenye samawati, ilitoka yote kimo kimoja. Mke alitaka kuuliza mengi, kwa mfano kama siku ile ya kunde na damu ya mzee wafumaji walimcheka, lakini kila swali lingegharimu mafundo, akameza. Mistari minne ikawa mitatu. Mitatu ikawa miwili. Tisini na nane. Mia. Walipovuka mia wifi alipiga kigelegele kidogo uani, na Redio akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Siku ya mstari wa mia na mbili aliumaliza wote, mafundo sitini, akipumzika baada ya kila rangi. "Inatosha leo," alisema. Aliomba dirisha lifunguliwe zaidi. Mke alilifungua, akaenda kusuuza vikombe. Aliporudi hakukuwa na haja ya dirisha.

Watu walikuja, wakakaa kwenye viti vya kuazima, wakasema alivyokuwa mtu mzuri, wakaondoka na viti. Mtoto alikuja kutoka mbali, akalia, akarudi kazini. Nyumba ikabaki na mke, na wifi aliyeanza kubisha hodi.

Mke alifanya hesabu moja, mara moja tu. Mistari minne kwa siku, siku tano za mgongo: ishirini. Mistari iliyobaki kufika katikati: kumi na minane. Hakumwambia mtu, hata wifi.

Akaenda kumtafuta Kidole. Kidole alikuwa mfumaji mwenye kasi kuliko wote. Alifunga Bustani kwa miaka kumi na miwili. Siku hizi alishona viatu kwenye kibanda kando ya kituo cha mafuta, amezungukwa na soli.

"Shemeji! Karibu, kaa hapo, si hapo, hapo kuna gundi."

Alimweleza. Kidole alisikiliza akiwa na uzi mdomoni. Mke alipomaliza, Kidole akautoa.

"Katikati kulikuwa na nini?" alirudia. "Shemeji, utanicheka. Sijui."

"Umeifunga miaka kumi na miwili."

"Mikono imeifunga. Aliita, nikafunga. Akisema samawati mbili, vidole vimeshamaliza kabla sijasikia. Nilikuwa nawaza mambo yangu, kodi, mpira, mwanamke fulani hivi." Alitazama chini. "Zulia tulilitazama siku linakunjwa, na likikunjwa katikati ndiyo inakuwa ndani." Aliona uso wake, akaharakisha. "Ngoja. Niitie. Labda mikono inajua."

Akafunga nyuzi nyingi za viatu kwenye mgongo wa kiti, zikakaza kama mtande. Mke akafungua daftari. Hakuwahi kuita mbele ya mtu. Alianza na tisini, kwa woga, na vidole vya Kidole vikaruka. Vilikuwa vyeusi kwa gundi, kucha zimepasuka, lakini viliruka. Mtu aliyeleta kiatu alisimama akasahau kiatu chake. Tisini na tano. Mia. Mia na moja. Mia na mbili, mpaka fundo la sitini.

Daftari likaisha. Mke akakaza macho kwenye vidole. Vilisogea. Likafungwa fundo moja. Likaanza la pili, likasita, likalegea. Kidole alivitazama vidole vyake kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

"Hilo moja ni la rangi gani?" mke aliuliza.

"Sijui, shemeji. Rangi ilikuwa ya kwake."

Hakurudi huko tena. Kwa juma zima alijaribu kuchora moyo wa ua mwenyewe. Alijua kuchora, alichora mzuri, akafuta, akachora mzuri zaidi, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kila alichochora kilikuwa chake, kilifanana na mawaridi ya kalenda. Mama Makochi alituma mtu mara mbili kuuliza kiti.

Basi alipitisha penseli nyekundu juu ya mapacha wote, akawatupa kama alivyoagizwa, akashona. Alipofika mia na mbili hakuongeza kitu. Aliugeuza mstari uleule, akaanza kurudi. Petali zilizokuwa zinafunguka kutoka chini zikakutana na petali zilizokuwa zinafunguka kutoka juu, zikagongana, zikabanana. Mahali pa moyo pakawa mstari mmoja mwembamba, kama mdomo wa mtu aliyekataa kusema. Pembeni maua madogo yalikuwa duara kamili.

Mama Makochi alikipeleka kitambaa mlangoni penye mwanga. Alizipapasa petali kwa kidole.

"Pole tena, dada," alisema. "Lakini Redio alikuwa mtu. Tazama hapa katikati. Pametulia. Fundi, njoo uone!"

Fundi wa makochi alikuja na misumari midogo mdomoni, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hapo katikati," mke alianza.

"Usinigusie hapo katikati!" Mama Makochi alimkatiza, akicheka. "Nataka vingine sita, vilevile, usibadilishe hata tundu. Meza nzima ya kulia. Utaweza?"

Fundi alikuwa ameshatandika kitambaa juu ya kiti. Alipiga msumari wa kwanza, akavuta, akapiga wa pili. Kila alipovuta, mdomo ule ulizidi kunyooka.

"Nitaweza," alisema mke.

Alirudi nyumbani na mfuko wa sufu. Kesho yake, baada ya chai, alikata kitambaa cha kiti cha pili, akatia usiku kwenye sindano, akaanza pindo. Mkono haukusita. Palipokuwa na kusita palikuwa mbele, kwenye mia na mbili, na sasa angepapita mara sita.